Ukaushaji wa milo ya safari

Ukaushaji wa milo ya safari ni njia ya kupika chakula nyumbani, kwa mfano wali na maharagwe au makaroni kwa nyama ya kusaga, kisha kukitoa maji ili kiwe chepesi kubebwa na kirudishiwe maji ya moto porini. Njia hii hutumiwa sana Marekani na Kanada na watu wanaotembea siku nyingi mbali na barabara. Njia ya John Muir katika milima ya California, kwa mfano, ina urefu wa kilomita 340 hivi, na msafiri hubeba mgongoni chakula cha siku kadhaa. Katika sehemu za milima hiyo hutakiwa pia kukiweka ndani ya kopo gumu lisilofunguliwa na dubu, kwa hiyo nafasi ni ndogo kama ilivyo nguvu ya mabega.

Mboga nyingi mbichi ni maji kwa asilimia 80 hadi 95. Maji hayo yakiondolewa, wanga, protini na madini hubaki karibu yote, lakini vitamini C hupungua.

Kupika kabla ya kukausha

Chakula hupikwa kwanza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuokoa gesi ya jiko dogo la safari. Penye kimo cha mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzijoto 90 hivi za Selsiasi, na maharagwe makavu yasiyopikwa yangechukua saa nyingi kuiva. Yaliyokwisha kuiva huhitaji kulowa tu. Wasukuma na Wanyamwezi wanaijua tofauti hiyo: michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa vibichi, ilhali matobolwa huchemshwa kwanza na huweza kutafunwa hivyohivyo.

Sababu ya pili ni usalama, nayo ni nzito zaidi. Wengi hudhani kwamba joto la mashine ya kukaushia huua vijidudu. Sivyo. Nyama mbichi ikiwa bado na maji, uvukizaji huipoza, hivyo hewa inayoizunguka inaweza kuwa na nyuzijoto 60 na nyama yenyewe iwe chini ya hapo. Kadiri inavyokauka, bakteria waliobaki huzidi kustahimili joto. Ndiyo maana Wizara ya Kilimo ya Marekani hushauri nyama ya ng'ombe ifikishwe nyuzijoto 71, na ya kuku 74, kabla ya kukaushwa. Ukavu huwazuia bakteria kuzaliana, lakini haufanyi kazi ya moto.

Utaratibu

Mafuta hayakauki. Yakiachwa katika chakula huharibika na kukipa harufu mbaya, kwa hiyo huchaguliwa nyama isiyo na mafuta, na hata hiyo huchujwa baada ya kukaangwa. Mafuta ya kula hubebwa katika chupa yake na kuongezwa wakati wa kula. Nyama ya kusaga hufaa kuliko vipande, ambavyo hubaki vigumu kama ngozi hata vikilowekwa muda mrefu.

Chakula hutandazwa kwa tabaka jembamba kwenye trei. Mboga hukaushwa kwa nyuzijoto 52 hadi 57. Joto likizidi, ganda la nje hukauka upesi na kufungia unyevu ndani, na baadaye ukungu huota. Mboga iliyokauka vizuri huvunjika ikikunjwa, na nyama ya kusaga huwa kama changarawe. Wali usiachwe upoe mezani kwa saa nyingi kabla ya kukaushwa, kwani bakteria aitwaye Bacillus cereus hutoa sumu isiyoondolewa kwa kuchemsha tena.

Kilichokauka hupozwa, hufungwa katika mifuko isiyopitisha hewa, na chenye nyama huwekwa kwenye friza hadi siku ya safari. Porini hutiwa maji yanayochemka, hufunikwa kwa dakika 15 hadi 20 na huliwa papo hapo. Kikisharudishiwa maji, huharibika sawa na chakula kingine chochote kilichopikwa.