Venice: Mji wa Maji Unaohamwa na Wenyewe

Mwenyezi Mungu ametuhimiza tutembee katika ardhi tukitazama na kuzingatia, na wahenga wetu wakasema tembea uone. Katika majira ya joto yaliyopita, mimi na mama watoto tulijaaliwa kukaa siku tatu Venice, mji wa kale wa Italia uliojengwa juu ya maji. Tuliyoyaona ni machache, lakini yamo yanayoihusu kila nyumba ya pwani yetu.

Treni hupita juu ya daraja refu linalovuka hori la bahari, kisha husimama kituo cha Santa Lucia. Msafiri akitoka nje hakuti barabara wala teksi. Hukuta ngazi, na chini ya ngazi ni mfereji mkubwa wenye pilikapilika za vyombo. Mji umekaa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100, vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400. Abiria huchukuliwa kwa boti, mgonjwa hupelekwa hospitali kwa boti, taka huzolewa kwa boti, na maiti huvushwa kwa boti hadi San Michele, kisiwa cha makaburi. Majumba yamesimama juu ya nguzo za miti zilizokitwa katika tope. Huko chini pasipo hewa mti hauozi upesi, nao umebeba mawe hayo kwa mamia ya miaka. Vichochoro ni vyembamba kama vya Lamu: wawili wakikutana, mmoja humpisha mwenzake.

Mwislamu hayuko mgeni kabisa mahali hapa. Kando ya mfereji huo mkubwa lipo jumba liitwalo Fondaco dei Turchi, na neno fondaco limetokana na funduq ya Kiarabu. Kuanzia mwaka 1621 hadi 1838 wafanyabiashara wa dola ya Uthmaniya walifikia humo. Walikuwa na maghala, hamamu na mahali pa kuswalia, ingawa usiku milango ilifungwa kwa amri ya serikali. Leo ni makumbusho ya viumbe na mazingira. Kiwanda cha kale cha merikebu, Arsenale, nacho kimepata jina kutokana na dar as-sinaa, yaani nyumba ya ufundi. Tena ni katika mji huu, mnamo mwaka 1537 au 1538, ulipopigwa chapa Msahafu mzima kwa herufi za Kiarabu, wa kwanza unaojulikana. Ulikuwa na makosa mengi ya herufi. Nakala moja tu ndiyo iliyopatikana, katika maktaba ya watawa wa San Michele, mwaka 1987.

Kwa familia itakayojaaliwa kwenda, nitaje mawili. Mwezi wa Julai jua huchwa huko karibu saa tatu za usiku, na Isha huchelewa sana. Wenye watoto wajipange mapema. Katika chakula, mji ni wa samaki. Wana dagaa wa kukaanga walioloweshwa kwa siki, vitunguu na zabibu kavu, ambao mama watoto aliwaonja akataka kujua vipimo vyake.

Lakini jambo lililotushughulisha zaidi lilikuwa jingine. Karibu na daraja la Rialto, dirisha la duka moja la dawa huonyesha idadi ya wakazi waliobaki katika mji wa kale. Mwaka 1951 walikuwa kiasi cha 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Baadhi waliondoka kufuata kazi bara, wengine walichoshwa na mafuriko, hasa yale makubwa ya Novemba 1966. Kisha nyumba zikapanda bei, na mwenye nyumba akaona kumpangisha mtalii kwa siku mbili kuna faida kuliko kumpangisha jirani kwa mwaka. Duka la mboga likageuka duka la vinyago vya uso. Mwaka 2024 serikali ya mji ilianza kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 katika baadhi ya siku. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mgeni amekuja, mwenyeji amehama.

Jioni tulipita mitaa ya nyuma. Madirisha mengi yalikuwa giza, na ndipo nilipoikumbuka Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Venice iliutangulia mwaka 1987. Orodha hiyo huhifadhi kuta na milango ya nakshi; haiwezi kumzuia mrithi kuuza. Nanyi mnajua jinsi nyumba za Lamu zinavyonunuliwa na wageni, mara nyingi kwa kuwa ndugu hawakuelewana juu ya mafungu yao.

Basi nawasihi, hasa akina mama na mabinti mlio warithi: kabla ya dalali kuitwa, kaeni kikao. Ndugu mwenye uwezo na anunue fungu la mwenzake kwa thamani ya haki. Aliye hai na mwenye mali aulize wanavyuoni kuhusu wakfu ungali na wakati. Na mkipangisha chumba kwa mgeni, basi nyinyi wenyewe bakini nyumbani.