Kahawa ya kuchuja nyumbani: fedha iende kwenye kisagio

Anayetaka kuchuja kahawa nyumbani, kikombe kimoja kimoja kwa kumiminia maji juu ya unga, huanza kuulizia bei ya koni inayoshika karatasi ya kuchujia. Aulize kwanza bei ya kisagio. Koni ya plastiki ndiyo ya bei nafuu, nayo hutunza joto kuliko ya kauri ambayo haikupashwa moto. Hapo hakuna sababu ya kuongeza hata shilingi.

Kisagio ndicho kinachoamua ladha. Cha umeme chenye kisu hukatakata buni ovyo, vumbi na vipande vikubwa mle mle. Vumbi huziba karatasi na kuleta uchungu. Vipande huacha uchachu mkali. Mnywaji anapata vyote viwili. Cha mkono chenye meno ya chuma ni ghali zaidi, lakini husaga punje zinazolingana, na ukikitunza kitakaa miaka.

Sasa gharama ya kila siku. Tuseme paketi ya gramu 250 ni shilingi 15,000. Kwa gramu 15 kila kikombe, unapata vikombe 16, karibu shilingi 940 kimoja. Karatasi 100 zikiuzwa 20,000, kila kikombe kinaongezeka shilingi 200, na si kidogo. Chujio la kitambaa hufuta gharama hiyo, ila lazima lisuuzwe papo hapo, bila sabuni, la sivyo mafuta ya kahawa yanavunda.

Kuhusu mchanganyiko: robusta ya Kagera hutia uzito na ukali katika arabika ya Kilimanjaro au Mbinga, na kwa kawaida ni nafuu. Kidogo inapendeza. Ila paketi isiyotaja kiasi cha kila aina usiilipie bei ya arabika tupu. Tazama pia tarehe ya kukaangwa.

Sasa kuchuja kikombe kimoja: pima maji gramu 250, yakichemka yaache nusu dakika. Lowesha unga kwa gramu 40 na usubiri sekunde 30. Buni iliyokaangwa karibuni huumuka na kutoa mapovu, gesi ikitoka. Iliyochakaa hulala tu. Malizia maji taratibu, yote yapite kwa dakika tatu hivi. Onja moto, kisha onja ikiwa vuguvugu, maana joto huficha kasoro. Ikiwa chachu, saga laini zaidi. Ikiwa chungu, ongeza ukubwa wa punje, kabla hujabadili paketi.