KILA SPIKA NA KAZI YAKE

Leo tuzungumzie jambo linalozua ubishi majumbani kila bonasi ya majani chai inapotoka: wufa. Mtu hununua wufa kubwa, huiweka pembeni, hufungulia besi mpaka mabati yanalia, halafu hushangaa ati maneno ya wimbo hayasikiki. Je, kosa ni la wufa?

Kwanza tuelewe sauti. Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio husikia mitetemo 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde, yaani hezi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Kwa hivyo wimbi la hezi 50 lina urefu wa mita 7 hivi, kupita sebule nyingi za hapa Kebirigo! Kulitoa kwahitaji chombo cha kusukuma hewa nyingi. Ndiyo maana obokano, kinubi chetu Abagusii chenye nyuzi nane, kina tumbo kubwa lililowambwa ngozi. Hunguruma kwelikweli.

Sasa, ziko spika nyembamba kama mlango, ziitwazo spika za umemetuli. Ile ya Quad, kazi ya Peter Walker wa Uingereza, ilianza kuuzwa mwaka wa 1957. Mnakumbuka rula iliyosuguliwa kwenye nywele ikavuta vipande vya karatasi? Nguvu ni ile ile. Utando mwepesi wenye chaji husimama kati ya bamba mbili zenye matundu, ukivutwa huku na kusukumwa kule. Kwa kuwa ni mwepesi mno, hutoa sauti ya mwimbaji safi ajabu.

Lakini besi huwa haba. Sababu ni mbili. Utando hauna nafasi ya kwenda mbali. Pili, unaposukuma hewa mbele, nyuma unaivuta. Sukuma sahani polepole ndani ya karai la maji: maji hupita kandokando tu. Vivyo hivyo mawimbi marefu ya mbele na ya nyuma huzunguka ukingo yakafutana.

Hapo ndipo wufa inapohitajika, lakini kwa adabu. Isiimbe juu sana. Chini ya hezi 80 hivi, sikio hupata shida kujua sauti imetoka upande gani, hivyo wufa moja yaweza kutosha. Ukiipandisha mno, sauti ya mwanamume itagawanyika, nusu huku na nusu kule.

Mahali nako kuna siri. Kona huongeza besi, mara nyingi kupita kiasi. Jaribu hivi: weka wufa pale unapokaa, cheza wimbo unaoujua, kisha zunguka chumba ukisikiliza karibu na sakafu. Pale besi inaposikika sawasawa bila kuvuma, ndipo pa kuiweka. Zile spika nyembamba zisibanwe ukutani. Mwisho, punguza wufa mpaka usiitambue. Ukiizima tu, ndipo ujue ilikuwako.

Hata wufa zetu za kawaida, zenye spika mbili ndogo, hufuata kanuni hizi. Basi kabla ya kumlaumu fundi au kutumia pesa za karo kununua kubwa zaidi, sogeza, punguza, sikiliza. Jirani naye alale. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vikishindana, chawa hutoroka!