Kutoka Bukoba Hata Mwanza kwa Ndege ni Muda Gani?

Msomaji mpenzi, ukipanga safari ya ndege kwa mara ya kwanza, jihadhari na kosa nililolifanya mimi. Shangazi yangu alitakiwa kumwona daktari Mwanza saa nane mchana. Wanawe wakachanga nauli, wakamkatia tikiti ya ndege ya asubuhi kutoka Bukoba. Akaniuliza, "Mwanangu, safari hiyo huchukua muda gani?" Nikatwaa ramani na rula.

Nawe waweza kufanya vivyo hivyo. Katika ramani ambayo sentimeta 1 ni kilometa 20, kutoka uwanja wa Bukoba hata uwanja wa Mwanza ni karibu sentimeta 9. Yaani ni kama kilometa 175, moja kwa moja juu ya ziwa. Kwa barabara ya Biharamulo na Geita ni kama kilometa 400, maana gari hulizunguka ziwa. Ndege za pangaboi ziendazo huko hufikia mwendo wa kilometa 500 kwa saa. Gawanya 175 kwa 500, unapata dakika 21. Nikamjibu, "Shangazi, ni dakika 21 tu! Usijisumbue kuwahi."

Hesabu ilikuwa sahihi, lakini shauri lilikuwa baya. Kwa nini?

Kwanza, ndege haiendi kwa mwendo wake wote tangu mwanzo. Hutembea polepole uwanjani, hupanda juu kwa dakika kadhaa, kisha hupunguza mwendo, hushuka na kugeuka ipate kuelekea mahali pa kutua. Katika safari fupi namna hii, mwendo kamili ni wa dakika chache. Ndiyo sababu ratiba huonyesha kama dakika 45.

Pili, kuna kazi za nchi kavu. Mizigo hupimwa, abiria hukaguliwa, na kupokea abiria hukoma mapema kabla ndege haijaondoka. Kule Mwanza nako uwanja uko nje ya mji, kama kilometa 10.

Tatu, kuna hali ya hewa. Uwanja wa Bukoba uko ukingoni mwa ziwa, na mvua huko ni nyingi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotaka kutua katika hali mbaya ya hewa ilianguka ziwani, wakafa watu 19 kati ya 43. Basi rubani akiona heri angoje, au arudi Mwanza, usinung'unike.

Shangazi alifika nusu saa kabla ya ndege kuondoka, akakataliwa. Akapanda basi, naye mgonjwa, akafika usiku. Daktari alikuwa amekwisha kwenda zake. Alingoja majuma mawili apate nafasi nyingine. Hakunilaumu, lakini kila nikikumbuka maumivu yake ya siku zile naona haya.

Kwa hiyo, msomaji, usihesabu kutoka uwanja hata uwanja. Hesabu kutoka mlango wa nyumba yako hata mlango unakokwenda. Kwa mfano: muda wa saa 1 kutoka kijijini, saa 2 uwanjani, dakika 45 angani, na saa 1 ya kuchukua mizigo na kuingia mjini. Jumla ni saa 4 na dakika 45. Hata hivyo ndege inalishinda basi. Lakini kama unangojwa na daktari, nenda siku moja kabla, ulale huko.