Mpaka Uamuao Nguvu ya Metali

Aghalabu mtu atakaye kujua uthabiti wa metali huuliza imefanywa kwa madini gani. Lakini katika metali zilizopangwa matabaka juu ya matabaka, membamba hata unene wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja katika milioni ya milimita, lililo muhimu zaidi ni namna matabaka hayo yalivyokutana.

Metali hupindika kwa sababu ndani ya fuwele zake mna kasoro za mpangilio wa atomu, ambazo wanasayansi Taylor, Orowan na Polanyi walizieleza mwaka 1934. Kasoro hizo husafiri mithili ya kunjo lisukumwalo katika jamvi, likalihamisha jamvi zima pasipo kuliburura lote kwa mara moja. Basi atakaye metali ngumu sharti azizuilie njia. Mwaka 1970 mwanasayansi Koehler alitoa rai ya kupanga kwa zamu matabaka membamba ya metali mbili zenye unyumbufu usiolingana, ili kila mpaka uwe kizuizi.

Rai hiyo ilithibitika, miongoni mwa metali nyingine, katika shaba na niobi zilizochunguzwa kwa miaka mingi katika maabara ya Los Alamos, Marekani: matabaka yakipunguzwa hadi nanomita chache, metali huhimili mkazo wa gigapaskali 2 na zaidi kabla ya kulegea, ilhali shaba safi iliyolainishwa kwa moto haifiki hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. La ajabu ni kwamba mpaka wa metali hizi mbili ni dhaifu ukisukumwa kwa ubavu. Kasoro ikiukaribia, mpaka huteleza kidogo, nayo kasoro huvutwa ndani, ikatawanyika, ikashindwa kutoka upande wa pili. Udhaifu huo ndio asili ya nguvu. Hata hivyo, matabaka yakikaribia nanomita 1 au 2, kasoro hupata njia ya kuvuka, na ugumu huacha kuongezeka, pengine hupungua.

Wala ugumu si kinga ya kuvunjika. Kasoro zikikosa nafasi ya kuenea sawasawa, mpindo wote hukusanyika katika ukanda mmoja mwembamba uyakatao matabaka mengi kwa pamoja, na mara nyingi ufa hufuata. Mpaka ulioshikana kwa ulegevu waweza kuugeuza ufa ujao kwa kukingama na kuupotezea makali. Lakini mzigo ukiyavuta matabaka yaachane, mpaka ule ule huwa ndio mlango wa maangamizi. Kwa hiyo mhandisi hana budi kwanza kujua mzigo utatoka upande gani, kisha ndipo achague mpaka: ulegee kwa kadiri katika kuteleza, ushikamane barabara katika kuvutwa.