Je, mawe ya Chome hutoa umeme yakibanwa?

Chukua kile kiberiti cha gesi cha kubonyeza, kile kinacholia "ta!". Ndani yake hakuna betri. Kuna kipande kidogo cha kauri maalumu na kinyundo cha springi. Ukibonyeza, kinyundo kinagonga kauri, maelfu ya volti yanazalishwa kufumba na kufumbua, na cheche inaruka. Tabia hii ya fuwele kutoa umeme zikibanwa ilionyeshwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Kati ya fuwele walizopima ni kwatzi.

Sasa panda Chome. Milima ya Pare ni sehemu ya Tao la Mashariki, na miamba yake ilipikwa kwa joto na mgandamizo chini kabisa ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kwatzi ni kawaida katika miamba ya aina hii: mawe meupe, magumu, yanayong'aa kidogo. Tafuta mawili, ingia chumba chenye giza totoro, yasugue kwa nguvu (vaa miwani, vipande vinaruka). Utaona mwanga hafifu pale yanapogusana. Na mwanga, kumbuka, ni wimbi la sumakuumeme.

Maabara, mwamba ukibanwa mpaka upasuke, vipimo hunasa hata mawimbi ya redio. Si kazi ya kwatzi peke yake. Ufa unapofunguka, kuta zake hubaki na chaji tofauti. Chaji zikiruka au kutikisika, wimbi linazaliwa.

Basi si tufunge antena kileleni Shengena, tusubiri mlima utuambie? Wenzetu wamejaribu. Kabla ya tetemeko la Loma Prieta, California, Oktoba 1989, kifaa kilichokuwa karibu na kitovu kilirekodi ongezeko la mawimbi ya masafa ya chini sana. Watu wakafurahi. Waliochambua upya data wakasema huenda ni hitilafu ya kifaa tu. Mwaka 2004 tetemeko likapiga Parkfield, jimbo hilohilo, mahali palipojaa vipimo, na hakuna dalili ya wazi iliyotangulia.

Shida iko wapi? Mlimani punje za kwatzi zimeelekea kila upande, umeme wa hii unafuta wa ile. Maji kwenye nyufa yanavujisha chaji. Kilomita za mwamba zinameza mawimbi. Kinachobaki kinashindana na radi, nyaya za umeme na dhoruba za jua.

Kwa hiyo mtu akija na kisanduku "kinachobashiri" tetemeko au maporomoko, muulize: kimepatia mara ngapi, kimekosea mara ngapi?

Swali hilo si la darasani. Novemba 2009, hukuhuku Same, maporomoko ya udongo yaliua watu Mamba Miamba baada ya mvua kubwa. Mteremko uliolowa una dalili zake, na hazihitaji antena: nyufa mpya juu ya shamba, miti au nguzo zinazoanza kuinama, chemchemi inayogeuka tope ghafla, mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama. Ukiyaona hayo na mvua bado inanyesha, toa watu kwanza, gongea majirani, kisha mpigie mwenyekiti wa kitongoji. Vyombo vinaweza kurudiwa kesho.