Je, Wajua? Siala, Mti wa Maua ya Manjano Mpakani

Siala, ambao wanabotania huuita Markhamia lutea na Waganda wa ng'ambo ya pili ya mpaka wa Kenya na Uganda huuita musambya, ni mti wa asili wa Afrika ya kitropiki unaostawi vyema katika mashamba yanayozunguka Busia na Malaba, na aghalabu hukua kufikia mita 10 hadi 15. Maua yake ya manjano, yenye umbo la tarumbeta na michirizi ya rangi ya kahawia nyekundu kooni, hufuatwa na maganda membamba yanayoweza kuzidi nusu mita kwa urefu, ambayo hupasuka yakikauka na kuachia mbegu nyepesi zenye mabawa.

Kwa kuwa mbegu hizo hupeperushwa haraka, inafaa maganda yavunwe yakianza kugeuka rangi, kabla hayajapasuka, kisha mbegu zipandwe kitaluni zikiwa mbichi. Hazihitaji kulowekwa wala kukwaruzwa. Miche huhamishiwa shambani mwanzoni mwa mvua za masika. Udongo mwekundu wenye kina ndio bora zaidi, na ingawa siala huvumilia mfinyanzi, haustahimili maji yaliyotuama, hivyo mabonde ya mito Sio na Malaba yanayofurika hayaufai hata kidogo.

Ukikatwa, kisiki huchipua upya, sifa ambayo wataalamu wa misitu huithamini mno, kwani mkulima hupata nguzo ngumu zisizoliwa upesi na mchwa bila kupanda tena.